Sikio la Manowari: Jinsi Shule ya Allidina Visram, Mombasa, Ilivyogangua Mafumbo ya Wajapani

Ukisoma historia ya vita vya pili vya dunia katika Bahari ya Hindi, utakutana na kituo cha Waingereza kinachoitwa kwa neno moja tu: Kilindini. Humo, yaelezwa, ndimo mwaka 1942 mlimofumbuliwa maandishi ya siri ya meli za Japani. Mtu wa Mombasa akisoma hivyo ataona gati, makreni na makontena. Akienda kukitafuta kituo hicho bandarini, hatakipata. Kilikuwa upande wa pili wa kisiwa, ndani ya madarasa ya shule ambayo hadi leo inafundisha: Allidina Visram.

Mkanganyo huu una sababu yake. Kilindi ni mahali penye maji marefu, na Kilindini ndiyo bandari ya kina upande wa kusini-magharibi wa kisiwa. Jina ni la zamani kuliko gati lolote. Wakilindini ni mojawapo ya Taifa Tatu za Waswahili wa Mombasa, pamoja na Watangana na Wachangamwe. Waingereza walipoleta manowari zao hapo, kila kilichohusu jeshi la majini kisiwani kikaitwa Kilindini, kiwe kando ya gati au maili kadhaa kutoka gatini. Ndivyo shule inayotazama maji ya upande mwingine ilivyokosa hata jina lake katika kumbukumbu za kazi kubwa iliyofanyika chini ya paa lake. Naona ni haki ianze kutajwa kwa jina.

Allidina Visram alizaliwa Kera, katika nchi ya Kutch huko India, akaingia Zanzibar mwaka 1863 akiwa kijana wa miaka 12. Alianza biashara Bagamoyo, kisha akatandaza maduka yake bara, na reli ya Uganda ilipojengwa alikuwa na duka karibu kila ilipopita. Alifariki mwaka 1916. Mwanawe ndiye aliyejenga shule hiyo kwa ukumbusho wa baba yake, ikafunguliwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa Kihindi. Hakuna aliyeijenga kwa simu ya upepo, yaani redio. Ilikuwa ni jengo imara, lenye vyumba vingi, mbele ya bahari, na katika vita hilo lilitosha kulifanya lichukuliwe.

Lakini kwa nini Mombasa? Jibu linaanzia Hong Kong. Huko, mwaka 1935, Waingereza walianzisha ofisi ya pamoja ya ujasusi wa Mashariki ya Mbali, kazi yake kubwa ikiwa kunasa na kusoma mawasiliano ya redio ya Wajapani. Agosti 1939 ofisi ikahamishiwa Singapore. Wajapani walipoiteremkia Malaya, wafanyakazi wake wakavushwa hadi Colombo mnamo Januari 1942, na Singapore yenyewe ikaanguka Februari 15. Colombo nako walipewa shule, Pembroke, iliyokuwa ya wavulana. Hawakukaa muda. Aprili 5, siku ya Pasaka, ndege za Amirali Chūichi Nagumo wa Japani zilipiga Colombo, na siku hiyohiyo zikazamisha manowari mbili, Cornwall na Dorsetshire. Aprili 9 wakaizamisha Hermes, manowari ya kubebea ndege. Amirali James Somerville, mkuu wa kundi la manowari za Mashariki, akaona meli zake kuukuu hazina ubavu wa kupambana na Nagumo, akaziondoa. Sehemu yake kubwa ikaja Kilindini.

Wasikilizaji na wagangua mafumbo wakafuata nyuma ya manowari, mwishoni mwa Aprili. Ni mara ya tatu kuhama katika miaka mitatu, kila mara wakisogea magharibi, kila mara wakizidi kuwa mbali na sauti waliyotakiwa kuisikia. Hapo ndipo palipo na tatizo ambalo simulizi nyingi hulipita mbiombio. Wengi hudhani kwamba kisiwa chenye bahari pande zote ni mahali pazuri pa kunasia redio. Kwa kazi hii, Mombasa palikuwa pabaya.

Meli za Japani ziliwasiliana kwa masafa mafupi. Mawimbi ya aina hii hayaendi mbali yakitambaa juu ya ardhi. Hupanda angani mpaka kwenye tabaka la ayonosfia, lililo mamia ya kilomita juu yetu, yakarudishwa chini, yakagonga ardhi au bahari, yakapanda tena. Mruko mmoja hufika takriban kilomita 4,000 unapokuwa mzuri. Toka Tokyo hadi Colombo ni chini kidogo ya kilomita 7,000, kwa hiyo miruko miwili inatosha. Toka Tokyo hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 10,000: inahitajika mitatu au zaidi, na kila mruko unakula nguvu ya wimbi.

Kuna jambo jingine. Ayonosfia hubadilika kwa jua. Mchana sehemu yake ya chini humeza mawimbi ya masafa ya chini. Usiku humeza kidogo tu, lakini yale ya masafa ya juu huweza kupenya yakapotea angani. Kwa sababu hiyo mtuma ujumbe huchagua masafa kulingana na saa na umbali. Kati ya Mombasa na Tokyo kuna tofauti ya saa sita: jioni ya kule ni adhuhuri ya hapa, kwa hiyo njia ya wimbi inaweza kuwa nusu gizani, nusu juani. Mjapani aliyebonyeza kitufe alichagua masafa yatakayomfikia nahodha wake karibu na Ufilipino. Anayedukua hana uchaguzi huo, analetewa makombo. Ndivyo ilivyokuwa pale shuleni: sauti hafifu, zikija kwa vipindi, zikififia katikati ya ujumbe.

Na kusikia kwenyewe kulikuwa ni ujuzi. Alama za Morse tulizozizoea, nukta na vistari, ni za herufi 26. Wajapani walitumia alama zao za kana, yaani maandishi ya silabi za Kijapani, karibu mara mbili ya hizo, na msikilizaji alipaswa kuzijua zote kwa sikio, aziandike haraka bila kuelewa hata neno moja. Miongoni mwa waliofanya kazi hii walikuwemo wanawake wa jeshi la majini la Uingereza. Kundi la kwanza lilipelekwa Singapore mwaka 1941 likiongozwa na Betty Archdale, ambaye kabla ya vita alikuwa nahodha wa timu ya wanawake ya kriketi ya Uingereza. Kutoka Singapore kazi hiyo iliwafikisha wanawake hao Colombo, kisha Mombasa. Fikiria mtu ameketi kwenye joto la Mei, mvua za masika zinapiga paa, vifaa vya kusikilizia vimembana masikio, anatafuta mlio mwembamba kuliko wa mbu ndani ya ngurumo za radi. Tarakimu moja ikikosewa, kazi ya wenzake wa chumba cha pili inaharibika.

Tuingie chumba hicho cha pili.

Waswahili tunasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Mombasa ni mji wa Muyaka, ambaye tungo zake zilipigana vita vya maneno kwa mafumbo wakati wa Wamazrui. Basi tuyachukue maneno yetu tuyatumie, maana yanafaa. Kuna njia mbili kuu za kuficha ujumbe. Ya kwanza ni fumbo: unaliondoa neno, unaweka kitu kingine mahali pake. Ya pili ni kinyume, ule mchezo wa watoto wa pwani wa kuihamisha silabi ya mwisho ikawa ya kwanza, hadi samaki akawa kisama. Hakuna kilichobadilishwa, vitu ni vilevile, mpangilio tu ndio uliovurugwa. Misimbo yote ya Kijapani tutakayoitaja imetokana na njia hizi mbili, ama moja moja ama zikiwa zimefungwa pamoja.

Msimbo mkuu wa jeshi la majini la Japani, Waingereza na Wamarekani waliuita JN-25. Huu ulikuwa fumbo juu ya fumbo. Kwanza kilikuwepo kitabu ambamo kila neno lilikuwa na nambari ya tarakimu tano. Tuseme, kwa mfano wangu mwenyewe, manowari ni 12345. Kisha kilikuwepo kitabu cha pili kilichojaa nambari zilizotupwa hovyo, na mtuma ujumbe alichukua nambari kutoka humo akaijumlisha na ya kwanza. Tuseme amepata 78691. Hujumlisha tarakimu kwa tarakimu, na kumi ikitokea hutupwa: 1 na 7 ni 8, 2 na 8 ni 10, anaandika 0, 3 na 6 ni 9, 4 na 9 ni 13, anaandika 3, 5 na 1 ni 6. Kinachorushwa hewani ni 80936. Kesho manowari hiyohiyo itajumlishwa na nambari nyingine, na hutaitambua.

Wajapani walijiwekea kinga dhidi ya makosa ya kusikia: kila nambari ya kitabu cha kwanza iligawanyika kwa 3 bila baki. Jumlisha tarakimu za 12345, unapata 15, ni sawa. Mpokeaji akipata nambari isiyogawanyika, anajua imeharibika njiani. Kinga hiyohiyo ikawa mlango wa adui. Mgangua fumbo akibahatisha nambari ya nyongeza, ile ya kitabu cha pili, na kuitoa kwenye ujumbe mbalimbali uliotumia ukurasa uleule wa kitabu hicho, na majibu yote yakagawanyika kwa 3, anajua amegonga ndipo.

Lakini angalia hilo sharti: ujumbe mbalimbali uliotumia ukurasa uleule. Mmoja hautoshi, wala miwili. Yanahitajika maandishi mengi yaliyorundikwa pamoja, siku baada ya siku, ndipo mpangilio uanze kuonekana. Kwa kituo kinachosikia vipande vipande hiyo ni njaa. Juu ya hayo, mwishoni mwa Mei 1942, siku chache kabla ya vita vya Midway katika Bahari ya Pasifiki, Wajapani walibadilisha vitabu vyao, na kila aliyekuwa akiifuata JN-25 akarudi karibu mwanzo. Wamarekani, waliokuwa karibu zaidi na wenye vituo vingi, waliinuka upesi. Mombasa haikuweza. Kwa mtazamo wangu hapa ndipo penye kiini cha hadithi yote: udhaifu wa sikio ndio ulioamua ni fumbo gani lingeganguliwa katika shule ile. Msimbo uliotaka wingi wa ujumbe ulikuwa umewatoka mkononi. Uliobaki ni ule ambao pengine ungefunguka kwa kosa moja la adui.

Kosa hilo lilikuja Septemba.

Meli za biashara za Japani, zile zilizobeba mafuta, mpira, mchele na askari, zilitumia msimbo mwingine, JN-40. Kila aliyeuchunguza alidhani ni ndugu ya JN-25: kitabu, kisha nyongeza. Kwa dhana hiyo haukufunguka. Siku moja mwendeshaji mmoja wa redio wa Kijapani alituma ujumbe mrefu kuhusu meli, akasahau kuweka mahali ilipo baharini. Alipogundua, angeweza kutuma kile kilichokosekana peke yake. Badala yake aliuchukua ujumbe wote, akaongeza longitudo iliyosahauliwa, akaufunga upya kwa ufunguo uleule, akaurusha mara ya pili. Matini zote mbili zilinaswa, zikawekwa kando kwa kando mbele ya wagangua mafumbo wawili, John MacInnes na Brian Townend.

Ukielewa walichokiona, umeelewa ufundi wote. Kama JN-40 ingekuwa ya kujumlisha, matini mbili zingefanana tangu mwanzo mpaka pale palipoongezwa longitudo, na baada ya hapo kila kitu kingetofautiana, kwa kuwa nambari za nyongeza zingeangukia maneno mengine. Haikuwa hivyo. Mfanano ulitawanyika: kipande kinafanana, kisha pana kitu kipya, kisha kipande kingine kinafanana tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Nyongeza iliyowekwa mahali pamoja ilikuwa imejipenyeza kila upande. Hiyo ni alama ya kinyume.

Tuufanye kwa mikono. Chukua neno KAMBA. Kwanza fumbo: kila herufi ipewe jozi ya tarakimu, K iwe 41, A iwe 07, M iwe 63, B iwe 28. Unapata 4107632807. Sasa kinyume: ziandike kwa mistari ya tarakimu tano. Mstari wa juu ni 41076, wa chini ni 32807. Kisha uzisome kwa kwenda chini, nguzo baada ya nguzo, kwa mpangilio wa siri ambao wewe na mwenzako mmekubaliana. Tuseme ni nguzo ya 3, ya 1, ya 5, ya 2, ya 4. Zinatoka hivi: 08, 43, 67, 12, 70. Tazama K ilipokwenda. Ile 4 imekaa na 3 isiyo yake, na ile 1 imetupwa mbali, imekaa na 2. Herufi imepasuliwa vipande viwili, na hata ukiijua K kuwa 41 hutaiona mahali popote. Hiyo ndiyo JN-40: jedwali la jozi 100 za tarakimu, kisha kusomwa kwa nguzo.

Sasa ongeza tarakimu chache mwishoni mwa mstari wa juu wa ujumbe mrefu. Kilichokuwa chini yake chote kinasukumwa. Sehemu ya juu ya kila nguzo inabaki ilivyokuwa, ya chini inahamia nguzo nyingine. Mwenye matini zote mbili anaweza kupima: vipande vinavyofanana vina urefu gani, nguzo ni ngapi, zimesomwa kwa mpangilio upi. Akishazipanga upya, kinachobaki ni jozi za tarakimu zinazosimama badala ya kana, na hizo huganguliwa kwa kuhesabu ipi yajirudia mara nyingi. Kazi si rahisi hata kidogo, lakini inafanyika kwa penseli na karatasi.

Kufikia Novemba 1942, MacInnes, Townend na wenzao walikuwa wakisoma JN-40 yote ya nyuma, na ule mpya kila unapoingia. Katika wiki mbili zilizofuata wakafungua mifumo mingine miwili: JN-152, uliotumika kutangaza maonyo ya urambazaji, na JN-167, mwingine wa meli za biashara ambao mpaka hapo ulikuwa haujapenyeka. Kituo kilichofukuzwa bandari baada ya bandari, chenye redio zinazosikia nusu, kikawa kinajua misafara ya Wajapani ilikuwa wapi na inaelekea wapi.

Ujumbe wa meli za biashara unaweza kuonekana mdogo ukilinganishwa na amri za maamirali. Lakini Japani iliingia vitani kwa sababu ya mafuta na malighafi, na baada ya kuviteka visiwa vya kusini, kila pipa lilipaswa kuvuka bahari kufika nyumbani. Ukijua mwendo wa meli hizo, unajua wapi pa kuiweka nyambizi. Nalisema hili nikijua maana yake: kila msafara uliogunduliwa ulikuwa na watu ndani, mabaharia na askari waliozama bila kujua kilichowasaliti.

Pwani yetu nayo ilikuwa imekwisha ijua simu ya upepo kama jambo la kufa na kupona. Agosti 8, 1914, siku chache tu baada ya vita vya kwanza kuanza, manowari ya Kiingereza Astraea ilipiga mizinga kituo cha redio cha Wajerumani Dar es Salaam. Na mwaka 1942 hatari haikuwa ya kusikia tu. Mwishoni mwa Mei nyambizi ndogo ya Kijapani iliingia bandari ya Diego Suarez, Madagaska, ikaijeruhi manowari ya Kiingereza Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta. Juni na Julai nyambizi kubwa zilizamisha zaidi ya meli 20 katika mkondo wa Msumbiji. Wote hao walikuwa jirani ya Mombasa.

Mwaka 1943, hofu ya Nagumo ilipokwisha, ofisi ilirudi Colombo, kwenye kituo kipya kilichoitwa Anderson, ambako sauti za Japani zilisikika vizuri zaidi. Madarasa yakarudi kuwa madarasa. Waliofanya kazi humo walikuwa wameapishwa kunyamaza, na Uingereza ilianza kufungua habari za aina hii katika miaka ya 1970. Kwa muda wote huo, wavulana walisoma hisabati katika vyumba vile pasipo mtu wa kuwaambia ni hesabu gani zilizopata kufanywa humo.

Njia ya bahari waliyorudi nayo, kutoka Mombasa hadi Colombo, ina urefu wa takriban kilomita 4,600. Februari 1944 meli ya askari Khedive Ismail iliondoka Kilindini ndani ya msafara kupitia njia hiyo, ikiwa na kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, wanajeshi wengine, mabaharia na wauguzi. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga torpedo mbili. Ilizama kwa takriban dakika mbili. Manowari za ulinzi, Paladin na Petard, ziliiwinda nyambizi ile mpaka zikaizamisha, na mabomu ya chini ya maji yaliangushwa mahali ambapo manusura walikuwa bado wanaogelea. Watu 1,297 walikufa. Majina ya askari wa Afrika Mashariki yameandikwa kwenye mnara wa ukumbusho katika makaburi ya vita ya Nairobi.